Mlango wa Mama Gidamis, na Mingine Niliyoifunga

Siku mliponiaga pale karakana mlinitaka niseme maneno machache, nami nikasema machache kweli, kwa sababu wali ulikuwa unapoa na sijawahi kuona hotuba iliyoupasha wali moto. Tangu hapo nimekaa nyumbani hapa Katesh, mikono haina kazi, na maneno niliyoyameza siku ile yananirudia moja moja. Basi nayaandika. Yasomeni mnaposubiri gundi ikauke.

Sitaandika nani alikuwa msimamizi wala nani alipandishwa cheo. Hayo yapo kwenye mafaili, na mafaili yana panya wake wa kuyasoma. Nitaandika habari za milango, hasa milango ya watu wanaoishi peke yao, maana hiyo niliipenda kuliko madawati na makabati yote tuliyotengeneza. Dawati likiwa bovu, mtoto anachanika kaptula. Mlango wa mtu aliye peke yake ukiwa bovu, mwenyewe halali.

Nilianza kazi kule Mbulu, kwa Mzee Bura, seremala mfupi mwenye nyusi nene ambaye vumbi la mbao lilikuwa limehamia humo moja kwa moja. Baba yangu alinipeleka mwenyewe. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za mvua, za maharage, za ng'ombe, ndipo baba akafikia jambo lenyewe.

"Huyu msichana wangu anataka kazi ya randa," akasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mganga ugonjwa.

Mzee Bura alinitazama mikono, uso hakuugusa. "Randa haiulizi ni nani anaisukuma," akasema. "Aingie."

Nilidhani nitapewa ufagio. Badala yake aliniambia niingie stoo ya mbao, nijifungie kwa kila kilichopo, na nisimfungulie hata akiniita kwa jina la ubatizo. Mlango wa stoo ile ulikuwa na kitasa kikubwa, ufunguo wake mrefu kama kijiko cha uji. Nikauzungusha, nikaujaribu mlango, mzima. Nikakaa juu ya mbao nikiwa nimeridhika kabisa. Sikusikia nyundo, sikusikia msumeno. Nilichoona ni mwanga ukiingia upande usiotarajiwa, na Mzee Bura amesimama ameushika mlango mzima mikononi kama mtu aliyebeba sinia.

"Kitasa chako hakijaharibika?" akauliza.

"Hakijaharibika, mzee."

"Basi kisalimie."

Mlango ule ulifungukia nje, kwa hiyo pini za bawaba zilikuwa nje. Alizisukuma juu kwa msumari, akazitoa, akauvuta mlango kwa upande ambao hakuna anayeulinda. Mlango una pande mbili, na watu wanalinda upande mmoja tu, ule wenye ufunguo. Dawa yake ni rahisi hadi inachekesha. Piga msumari mnene kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba, ukate kichwa, uache kipande cha urefu wa kucha kimejitokeza, kisha toboa tundu lake kwenye fremu. Mlango ukifungwa, kile kipande kinaingia tunduni. Mwizi atatoa pini zote aziweke mfukoni, mlango utabaki palepale. Nilifundishwa hivyo wiki yangu ya kwanza, na nimeacha visiki vya misumari kwenye milango mingi ya Mbulu na Hanang kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutokugusa kitasa kabla ya kuisukuma fremu kwa bega. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za udongo, na fremu huwa imeshikwa na mazoea tu. Unaweza kufunga kitasa cha benki, fremu ikacheza kama jino la mtoto. Skrubu zinazokuja kwenye boksi la kitasa ni fupi, zimetengenezwa kwa ajili ya kupendeza. Zitupeni kwenye kopo, mtazitumia kwenye kabati. Weka ndefu, zipite kibati cha kitasa, zipite fremu, zikashike ukuta wenyewe. Mzee Bura alikuwa akisema mwizi hasomi jina la kampuni lililoandikwa kwenye kitasa, anasoma fremu.

Nilipohamia Katesh watu walishangaa mwanamke mwenye mkoba wa patasi, wakamaliza kushangaa, wakaanza kuniita mama fundi. Kilichonishangaza mimi ni kwamba wanawake wanaoishi peke yao walianza kuniulizia kwa jina. Walimu waliopangiwa shule za mbali, manesi, wajane, na bibi ambao watoto wao wametawanyika mijini. Mwanzoni nilidhani wanapenda kazi yangu. Kisha mjane mmoja akanieleza bila kuzunguka: mwanaume akikufungia komeo, anakuwa analijua komeo lako. Tangu hapo nikajiwekea sheria kwamba mlango wa mtu hausimuliwi, si kilabuni, si kanisani, hata kwa mume wangu, ambaye alikuwa akinitega kwa maswali wakati wa chai na hakupata kitu. Hii ya Mama Gidamis nitakayoisimulia chini nimeruhusiwa na mwenyewe. Ya mwalimu wa Endasak sikuomba ruhusa, kwa sababu Endasak yote inaijua kuliko mimi.

Mwalimu huyo alikuwa binti mgeni, ametoka pwani, amepewa chumba cha mwisho katika nyumba za shule. Mlango wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizobandikwa, ukiugonga unajibu kama ngoma. Kila jioni alikuwa anasukuma meza mlangoni, juu ya meza anaweka sanduku, juu ya sanduku madaftari ya darasa la sita. Asubuhi anabomoa mnara wake ili aende kufundisha. Kabla hajaniita mimi, alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mwanamke anayeishi peke yake aweke viatu vya kiume mlangoni. Ushauri si mbaya. Akatafuta mabuti ya mpira, makubwa sana, akayapanga nje kwa unadhifu.

Kijiji hakikukawia. Bombani wakaanza kumuuliza, "Mwalimu, shemeji hajambo?" Mzee wa kanisa akapita kumsalimia, akakaa, akayatazama mabuti, akauliza kwa upole kama mambo yatafuata utaratibu. Akina mama wakaleta mahindi ya kutosha watu wawili. Na kwa kuwa Endasak ni kijiji cha wakulima, kulikuwa na mtu aliyegundua kwamba yale mabuti yana tope lilelile tangu masika, na sasa ni kiangazi. Hapo shemeji akageuka kuwa mvivu. Mwalimu akaja kwangu karakana akiwa amekasirika na anacheka kwa wakati mmoja.

"Mama fundi, njoo uniwekee mlango wa kweli," akasema. "Huyu mwanaume wa mabuti amenishinda. Halimi, na watu wananionea huruma."

Nilimwekea makomeo mawili, moja juu na moja chini, maana komeo moja la katikati linauacha mlango ujikunje pembeni. Nikambadilishia skrubu. Nikamchongea kabari ya mti mgumu, nikaipigilia kipande cha tairi chini ili isiteleze kwenye saruji. Ukiipachika chini ya mlango unaofungukia ndani, anayesukuma anaikaza mwenyewe. Nikamwambia aache kutumia kufuli la nje peke yake, kwa sababu kufuli linaloning'inia nje linamtangazia kila mpita njia kwamba mwenye nyumba hayupo. Afunge kitasa cha ndani, ambacho hakisemi kama yupo au hayupo. Na mabuti nikamwambia ayarudishe shamba la shule. Baadaye aliolewa hukohuko, na mume wake, namshukuru Mungu, ana miguu midogo.

Mambo ya namna hiyo ndiyo nimeyafanya miaka yangu yote, na karibu yote ni ya bei nafuu. Makopo matupu yaliyopangwa nyuma ya mlango yanaamsha mtu vizuri kuliko mbwa aliyeshiba. Tundu dogo la kuchungulia lililotobolewa kwa keke, na kibati cha kulifunika kwa ndani, linakuonyesha anayegonga kabla hujamjibu. Ufunguo usiufiche chini ya jiwe la kulia kwa mlango. Kila mtu hapa Hanang anauficha chini ya jiwe la kulia, na wezi wetu nao ni wa hapahapa, wamelelewa na mama zetu. Mpe jirani unayemwamini, na kama huna jirani unayemwamini, tatizo lako si la fundi.

Kisha ikaja siku ile mlima Hanang ulipotushukia na matope. Sitaieleza. Wengi wenu mlikuwepo, na wengine mna watu mliowazika. Nilikwenda Jorodom, mahali palipofukiwa na matope, baadaye pamoja na wengine, kusaidia kutoa vitu kwenye nyumba zilizobaki, na macho yangu yakawa yanakwenda kwenye milango, yalivyozoea. Niliona milango iliyofungwa kwa ufunguo kutoka ndani, na ufunguo haukuwa pale. Nililia, sioni aibu kusema. Tangu siku hiyo sikufunga tena mlango wowote ambao mtu wa ndani anahitaji kutafuta kitu ndipo atoke. Kinga inayomzuia mwizi lazima imwachie mwenye nyumba njia ya kutoka kwa mkono mtupu, gizani, akiwa amechanganyikiwa. Mkisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo msisahau.

Kazi ngumu kuliko zote ilinijia baada ya hapo, macho yangu yakiwa yameanza kukataa kuona tundu la skrubu. Alikuja karakana kijana mmoja mrefu, fundi magari kule Singida, jina lake Gidamis. Kwao ni Gendabi, ni watu wa ng'ombe. Baba yake alishafariki, dada zake wameolewa mbali, mama yake anaishi peke yake na ng'ombe wake. Gidamis alikuwa amemjengea nyumba ya tofali za kuchoma, bati na sakafu ya saruji, na mlango wa chuma ambao alisimamia mwenyewe ukichomelewa.

"Shikamoo mama fundi."

"Marahaba baba. Karibu."

"Nimemwekea mama mlango wa chuma. Haufungi."

"Haufungi vipi? Umepinda?"

"Sijui. Jirani ananipigia simu kila mara, mlango wa mama yako uko wazi, tena usiku. Juzi mwizi ameingia mama amelala, akabeba redio, blanketi na taa ya sola. Siku nyingine hatakuja kwa ajili ya redio." Akaugeuzageuza ufunguo wa akiba mkononi. "Nimeshaamua. Mkishindwa kuutengeneza, mavuno yakiisha nauza ng'ombe, namchukua akae kwangu Singida. Chumba kipo."

"Mwenyewe amesemaje?"

"Hajasema kitu," akajibu. "Ameacha kula."

Nilikwenda Gendabi kwa pikipiki, msumeno ukimchoma dereva mgongoni kila penye shimo, naye akilalamika kila penye shimo. Niliita hodi kutoka mbali, kama inavyotakiwa kwa watu wa ng'ombe, nikakaribishwa. Mama Gidamis alikuwa mwembamba, amenyooka, amevaa bangili za shaba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupimapima, kila neno limetafutiwa nafasi yake. Ufunguo wa mlango alikuwa ameuvaa shingoni pamoja na shanga.

Mlango nikautazama. Ulikuwa mlango mzuri, nasema kweli. Bawaba zake imara, fremu imeshika ukuta, kitasa kizuri. Ila ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ngozi kwenye kigingi ukutani, ukiwa wazi. Kamba ile ilifungwa na mtu anayejua kumfunga dume, na nilihangaika nayo mpaka kucha ikakatika. Ilipolegea, nikausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukajifunga wenyewe, laini.

"Mama, mlango wako ni mzima," nikamwambia.

"Najua."

"Mbona hufungi?"

"Nikifunga sisikii."

"Husikii nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama nimeuliza maji ni ya kazi gani. "Ndama," akasema.

Akanieleza taratibu. Katika nyumba yake ya zamani, ya miti na udongo, ndama walilala ndani, nyuma ya kiambaza cha fito, karibu na kichwa chake. Alilala akisikia pumzi zao. Katika nyumba mpya mwanawe aliweka saruji, na ndama hawezi kulala kwenye saruji, kwa hiyo wanalala kwenye kizizi kidogo uani. Fisi wanapita. Ndama anaweza kujinyonga kwa kamba. Mwingine anachomoka, anakwenda kunyonya maziwa yote, asubuhi hakuna cha kukamua. Mambo hayo yote alikuwa akiyasikia usingizini tangu alipoolewa. Mlango wa chuma ukifungwa, upepo wa Gendabi unaupiga, chuma kinavuma, na yeye hasikii kitu kingine ila chuma.

"Na mwizi aliyeingia?" nikamuuliza.

"Alichukua redio. Haikuwa na betri. Ndama hakuchukua."

"Huogopi?"

"Naogopa," akasema. "Ni mtu gani asiyeogopa? Lakini nikifunga naogopa mara mbili."

Niliufunga mlango tena, tukakaa ndani, akanipa maziwa. Hakutulia. Alisimama, akaenda akaweka sikio kwenye chuma, akarudi, akasimama tena. Nilipoufungua akakaa, na maneno yakamrudia. Basi nikajua kwamba hata ningeuongezea mlango ule makomeo kumi, ningekuwa namwongezea kamba za kuufungia wazi. Nikamuaga, nikamwambia nakwenda kufikiri. Alinijibu kwamba kufikiri ni bure.

Jua lilikuwa linashuka na ng'ombe walikuwa wanarudi. Nikiwa namsubiri dereva amalize kulalamika, nilimtazama Mama Gidamis akiwaingiza zizini. Lango la zizi lile halikuwa na mlango. Lilikuwa na nguzo mbili kila upande, na miti mirefu inayoteremshwa katikati ya nguzo, mmoja juu ya mwingine. Mama Gidamis aliipitisha ile miti bila kuitazama, huku akimgombeza jike mmoja mwenye kiburi, na alipofika mti wa mwisho alikuwa bado hajamaliza kumgombeza. Mikono yake ilikuwa inafunga yenyewe. Nikapata jibu hata kabla sijapanda pikipiki, nikacheka peke yangu mpaka dereva akaniuliza kama ni maziwa.

Mchomeleaji wa pale mkabala na karakana yetu aliukata mlango ule wa chuma nusu ya juu. Mahali pa bati tukaweka nondo zilizosimama, zimekaribiana, na nyuma yake wavu wa chuma wa matundu madogo, ili mkono usipite kwenda kutafuta chochote ndani. Nusu ya chini tukaiacha kama ilivyokuwa. Kwa ndani nikamtengenezea kibao cha kufunika nondo siku za mvua na baridi, maana Hanang si Dar. Kitasa cha ufunguo nikakiacha, akitumie akienda mnadani. Lakini kinga yake ya usiku nikaifanya kwa namna yake. Nilikata vipande vya springi kuukuu ya lori, nikavikunja kuwa vishikio, nikavifunga ukutani kwa ndani kwa bolti ndefu, kulia na kushoto kwa mlango, na ndani ya vishikio hivyo nikapitisha miti miwili, wa juu na wa chini. Miti yenyewe ilikuwa ya zizi lake, ya zamani, imelainishwa na viganja vyake mpaka inang'aa. Hakuna ufunguo wa kutafuta. Gharama kubwa katika kazi yote ilikuwa ni pikipiki.

Nilipomaliza nikamwambia ajaribu. Akashika mti wa chini, akauteremsha. Akashika wa juu, akauteremsha, akinitazama mimi. Kisha akakaa kitini, mlango umefungwa, upepo unapita kwenye nondo bila kuvuma. Uani ndama akakohoa.

"Yule mwekundu," akasema. Baada ya muda akainuka akasonga ugali, akala, nami nikala. Nilifurahi kuliko siku nyingi nilizosifiwa mbele ya watu.

Ila mwenye uamuzi alikuwa Gidamis. Nilimpigia simu nikamweleza. Akasikiliza, akauliza kwa nini nimeukata mlango wake, akasikiliza tena. Mwisho akasema atakuja kuona mwenyewe, na atakuja na lori la kukodi, ili kama ni mambo ya utani asipoteze safari.

Siku hiyo nilikuwa Gendabi. Mvua ilikuwa imeivimbisha ile miti kidogo, wa juu ukawa unakwama, nikaenda kuupiga randa. Ilikuwa mchana. Tulisikia lori likisimama barabarani, yaani Mama Gidamis alilisikia, mimi nikaambiwa. Akaweka kibuyu chini, akateremsha mti wa chini, akateremsha wa juu, akarudi kwenye kibuyu chake.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama, ni mimi Gidamis."

"Gidamis anajua kusalimia."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Na lori."

"La nini?"

"Fungua tuongee, mama."

"Tunaongea," akasema Mama Gidamis. "Nakusikia vizuri sana."

Gidamis akaanza kuujaribu mlango, na alifanya kazi yake kwa haki. Alisukuma kwa bega, juu, kisha chini. Alijaribu kupitisha vidole kwenye nondo, wavu ukamrudisha. Akachuchumaa, akakagua bawaba, akaziona ziko ndani. Akaizunguka nyumba, tukamsikia akitikisa madirisha moja moja, akarudi mbele akiwa anahema.

Akachungulia kupitia wavu. "Mama fundi, uko humo?"

"Nipo, baba."

"Akiugua je? Akianguka humo ndani peke yake, sisi tutaingiaje?"

Lilikuwa swali zuri, swali la mtoto anayempenda mama yake. Nikamjibu kwamba jirani huja kila asubuhi kuchukua maziwa na kuleta maharage, na sasa anaweza kuona mpaka kitandani kupitia nondo, jambo ambalo mlango wa bati haukumruhusu. Na njia ya kuingia kwa dharura ipo. Nilimwonyesha jirani, na yeye Gidamis nilimwonyesha baadaye. Ninyi sitawaonyesha.

Gidamis akasema, polepole, "Hata hivyo, mama, wanunuzi nimeshaongea nao. Ng'ombe ni kazi, na wewe umechoka. Kule kwangu—"

"Nyamaza," akasema mama yake.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameinua mkono, ameinamisha kichwa. Mimi nilisikia upepo tu, na kuku mmoja.

"Yule mwenye doa kwenye jicho amejinyonga," akasema. "Kimbia."

Gidamis alikimbia. Alikuwa fundi magari, mtu mzima, amevaa viatu vya mjini, lakini aliposikia sauti ile miguu yake haikuuliza. Aliporudi alikuwa na kipande cha kamba mkononi na mate ya ndama kwenye shati.

"Ulimi ulikuwa nje tayari," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ule mlango wa mwanzo ungekuwa umefungwa..."

"Yupo hai?" akauliza mama yake.

"Yupo. Amesimama."

Aliegemeza paji la uso kwenye nondo. "Mama, mimi kila simu ikilia naogopa," akasema. "Naona jina la jirani, spana inaniponyoka. Nakuwa chini ya gari, siwezi hata kupokea."

Mama Gidamis alikwenda mpaka mlangoni. Aliweka vidole vyake kwenye wavu, mahali paji la uso la mwanawe lilipokuwa. "Najua," akamwambia. "Na mimi naogopa. Ndiyo maana sasa nafunga."

Nilijifanya nakagua randa yangu, ambayo haikuwa na kitu cha kukaguliwa.

"Nifungulie basi," akasema Gidamis.

Mama yake akautoa mti wa juu, akausimamisha ukutani. Kisha akashika ule wa chini, na mkono ukabaki hapo.

"Lori kwanza," akasema.

Gidamis alimtazama mama yake kupitia nondo. Akageuka, akashuka njia ya kwenda barabarani. Tukamwona akizungumza na dereva, kisha injini ikawaka, lori likageuka kwa kusuasua na kuondoka kuelekea Katesh, bodi lake tupu likigonga kwenye kila shimo. Mama Gidamis alisimama akisikiliza, mkono juu ya mti. Lilififia. Mimi niliacha kulisikia zamani, yeye bado amesimama, na mwanawe amerudi anasubiri nje. Kisha akautoa mti wa chini.